Jani Lililobaki Gizani

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti vitatu, kimoja mguu wake umefungwa kwa waya. Inspekta alikaa kwenye hicho cha waya. Ndiyo ilikuwa desturi yake: mshukiwa apewe kiti kizima, asije akasema alikiri kwa sababu ya kuumwa mgongo. Kazini walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye kesi hang'olewi kwa maneno matamu. Wakubwa wake walilitamka jina hilo kwa kuchoka.

Ng'ambo ya meza aliketi mwanamke wa makamo, udongo ungali kwenye kucha. Alikuwa mtafiti wa miti, na kituo kizima cha utafiti wa misitu kilimwita Mama Majani. Alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja. Bosi wake, mkurugenzi wa kituo hicho, alimshtaki kwa kuua kwa makusudi miche ya majaribio.

"Tuanze upya," Inspekta alisema. "Nieleze kama mtu aliyefeli sayansi."

"Ulifeli?"

"Vibaya sana. Mwalimu alinionea huruma mpaka akanyamaza."

Mama Majani alikaribia kutabasamu, akaghairi. "Jani linakula. Linakula hewa ya ukaa, hii tunayoitoa puani na magari yanayoitoa nyuma. Linaipika kwa nuru ya jua na maji ya mizizini. Vitabuni wanaita usanisinuru. Mimi naita kupika, na inatosha."

"Na joto linahusikaje?"

"Joto la kiasi, jiko linawaka vizuri. Likizidi, maji yanapotea, kwa hiyo jani linafunga vinywa vyake. Ukifunga mdomo hukauki, sawa, lakini pia huli. Miti mingine inajizoesha: majani mapya yakiota ndani ya joto yanakuja na uvumilivu kidogo. Mingine haijui kujizoesha hata ukiibembeleza. Mimi nimejenga vizimba vya nailoni, nikaweka hita, nikaipa miche joto ambalo wajukuu zetu watalikuta. Nataka kujua nani atakula na nani atashinda njaa."

"Na nani anashinda njaa?"

"Mche wa Mkurugenzi."

Hapo ndipo penye shina la maneno. Mkurugenzi alikuwa ameuzalisha mche wake kwa miaka mingi, mche unaokua upesi, uliosifiwa kila mkutano kwamba utakula moshi wote wa dunia. Milima ilikuwa imeshapangiwa mche huo, na msitu wa kale uliokuwa huko ungefyekwa kuupisha. Mama Majani alisema mbele ya watu kwamba mche ule, mchana wa joto ukifika, unafunga mdomo mpaka jioni. Wiki chache baadaye miche yake ilikutwa imekufa na swichi ya joto imezungushwa hadi mwisho. Mkurugenzi akasema Mama Majani aliichoma mwenyewe ili uongo wake ufanane na ukweli.

"Mlinzi anasema alikuona kizimbani Jumapili," Inspekta alisema.

"Jumapili nilikuwa kwa mama yangu. Aliteleza bafuni, nikaondoka Jumamosi alfajiri, nikakaa naye wiki nzima namwosha na kumlisha."

"Shahidi?"

"Mama. Ambaye siku hizi ananiita dada yake."

Koplo aliyesimama mlangoni alikohoa. Alikuwa mtu mnene, mwenye moyo mwepesi, na kikohozi hicho kilikuwa namna yake ya kusema pole.

Inspekta alivuta kiti. "Mkubwa wangu anataka upelekwe mahakamani leo mchana. Ukikubali kosa, utapata kifungo cha nje. Unarudi kwa mama yako."

"Sikubali."

"Ukikataa na ukishindwa, ni jela. Kazi ndiyo basi. Na yote uliyosema juu ya mche ule yanatupwa."

"Nimesikia, na bado sikubali." Hakupandisha sauti. "Miche ile niliiotesha kwa mikono hii. Nimekasirika, Inspekta, nimekasirika mpaka meno yananiuma. Siombi radhi kwa mauaji ya wanangu huku muuaji anakunywa chai ofisini. Nioneshe walivyokufa, maana hata kuwagusa nilikatazwa."

Inspekta akasukuma picha mezani. Mama Majani aliinama juu yake kwa muda mrefu.

"Hii si kazi ya joto," alisema mwishowe. "Joto lingeanza na majani machanga kileleni. Haya yameanza kuwa meupe kingoni, majani ya zamani kwanza, mishipa ikabaki na rangi. Ipo dawa ya magugu inayoua hivi. Inapanda kutoka mizizini, inaziba jiko la jani. Nuru inaingia, jani haliwezi kuitumia, basi nuru hiyo hiyo inaligeukia na kuliunguza. Kwenye giza dawa hiyo haiunguzi."

Aliinua uso taratibu.

"Ijumaa jioni nilifunga jani moja la kila mche kwa foili. Nilitaka kupima linavyopumua gizani. Ilikuwa nizifungue asubuhi, nikaitwa kwa mama. Ndizo hizi zinazong'aa pichani. Zipo bado?"

Inspekta akaiangalia tena picha. Kweli, kila mche ulikuwa na kifurushi kidogo king'aacho, na hakuna polisi aliyejishughulisha nacho.

"Zipo."

"Basi nenda kafungue. Hewa ya moto inalifikia jani ndani ya foili, jua halilifikii. Jani likiwa limekufa, mimi ni mwongo. Nifunge, wala wakili sitaki. Likiwa hai, mtafute aliyemwaga sumu."

Nje kwenye ukumbi Koplo alimkimbilia Inspekta. "Afande, yule mama anacheza kamari na miaka yake."

"Umeona mkono wake ukitetemeka?"

"Hapana."

"Basi washa gari."

* * *

Mkurugenzi aliwapokea uani, koti jeupe limepigwa pasi, viatu havijawahi kuona matope. "Karibu, binti yangu. Nilidhani suala hili limekwisha."

"Baba yangu ni fundi cherehani, na hakuwahi kupiga pasi vizuri hivyo," Inspekta alimjibu. "Niite Inspekta, itatosha."

Vizimba vilikuwa nyuma ya ghala, vyumba vidogo vya nailoni, juu vimeachwa wazi, hita ikiwa imening'inia kila kona. Miche ilisimama ndani, kimo cha bega, majani meupe yamejikunja. Inspekta alianza na swichi. Akaizungusha hadi mwisho, kama ilivyokutwa, akamwambia Koplo aingie.

"Mimi, afande?"

"Wewe ndiye mwenye mwili wa kutosha kupikwa."

Koplo aliingia, akakaa hadi joto likapanda lote lililoweza kupanda. Alitoka shati limelowa, akiwa mzima na mwenye manung'uniko. "Ni joto la kuvua viatu," alitoa ripoti. "Lakini hata nzi walikuwa wanacheza mle."

"Mti si nzi," Mkurugenzi alisema.

"Ndiyo maana sijamaliza." Inspekta alishika tawi la mche wa kwanza, akafungua foili kwa kucha, polepole. Jani lilitoka limepauka kidogo kwa kukosa jua, lakini lilikuwa kijani, laini, lenye uhai. Juu na chini yake kwenye tawi lile lile majani mengine yalivunjika kwa kuguswa. Akafungua la mche wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Yote yalikuwa kijani.

Koplo akapiga mluzi chini chini.

"Foili inarudisha joto," Mkurugenzi alisema haraka.

"Siku moja, labda. Wiki nzima, katikati ya hewa ya moto? Koplo, chota udongo kila shinani, weka kwenye mifuko, mkemia ataonja. Ghala la dawa za magugu lina funguo ngapi?"

Mkurugenzi alimtazama, kisha akaachia tabasamu. "Tatu. Yangu, ya mlinzi, na ya Mama Majani. Vizuri sana, Inspekta. Umethibitisha kwamba aliitilia sumu. Joto halikumtosha, akaongeza dawa. Na mlinzi alimwona."

Hilo lilimuudhi Inspekta. Jani lilikuwa limesema ukweli nusu: lilisema sumu, halikusema nani. Aliwaacha Koplo na udongo wake, akatembea mpaka getini.

* * *

Mlinzi alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, mkanda umekazwa, anayejivunia macho yake.

"Uliona nini Jumapili, kaka?"

"Nilimwona Mama Majani kizimbani, afande. Mchana, jua la utosi."

"Aliingia kwa geti hili?"

"Hapana. Upo mlango wa nyuma, wenye ufunguo ni wakubwa na watafiti."

"Uliuona uso?"

"Uso hapana. Nailoni ina ukungu, na alikuwa na kofia pana na koti jeupe. Lakini mtu unamjua kwa anavyofanya kazi, sivyo? Analibana jani na ile mashine yake ya kupimia, halafu anageuza uso juu ya bega la kushoto, anabana pumzi kama mtoto anayekwepa kijiko cha dawa. Anasubiri. Jani jingine, vile vile. Hakuna mwingine hapa anayefanya hivyo. Wengine tungebana tu."

"Kwa nini anageuza uso?"

"Sijui, afande. Nilidhani majani yananuka."

"Baada ya hapo?"

"Akaleta ndoo, akamwagilia."

Inspekta aliyekwisha kugeuka akarudi. "Rudia. Alipima kwanza, ndipo akamwagilia?"

"Alipima yote kwanza. Tena kwa muda mrefu, mpaka nikamwonea huruma kwa lile jua. Ndoo ikaja mwisho."

Mtu anayekuja kuua miti anapima ya nini? Mama Majani alikuwa na vipimo vyake tayari, vya misimu kadhaa. Hakuwa na haja ya kuthibitisha jambo alilokuwa amelitangaza mkutanoni. Aliyepima alikuwa mtu ambaye hakumwamini Mama Majani. Alikuja kumsuta kwa mashine yake mwenyewe, na hakupenda alichokiona.

"Kaka, kaa papa hapa. Usiondoke hata ukiitwa na nani. Tazama kule uani, mbele ya ofisi. Ukiona kitu unachokifahamu, njoo uniambie."

* * *

"Mashine ya kupima majani," Inspekta alimwambia Mkurugenzi. "Ni kielelezo, nitaichukua. Nani anaijua zaidi ya Mama Majani?"

"Hakuna. Mimi ni mtu wa mbegu. Mashine ile sijawahi hata kuishika."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Bahati mbaya. Nilihitaji kipimo cha mti ulio hai, nikilinganishe na ile miche iliyokufa. Basi Koplo atajaribu."

Katikati ya ua palikuwa na mti wa kivuli. Koplo alining'iniza mashine shingoni, akalibana jani kwa kibanio chake chenye kioo, akainamia kioo kile kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alikuwa ametoka kubeba mifuko ya udongo na alikuwa anahema kwa nguvu. Namba zikaruka juu, zikashuka, zikaruka tena.

"Mia tisa," Koplo alisoma. "Hapana, elfu. Hapana, sasa ni mia tano. Mti huu una wazimu."

Mkurugenzi alikunja uso, akatazama pembeni.

"Jaribu jingine," Inspekta alisema.

Koplo akajaribu jingine, pua imekaribia kugusa jani. "Elfu na mia mbili."

"Andika hiyo hiyo. Itasomwa mahakamani kwa jina la kituo hiki, na sahihi ya Mkurugenzi chini yake."

"Huwezi kuandika hiyo," Mkurugenzi alisema.

"Kwa nini? Ni namba."

"Si namba, ni takataka."

"Kwetu sisi polisi zote ni sawa. Endelea, Koplo. Sogea karibu uone vizuri."

Koplo, ambaye hakuambiwa lolote na alifanya kwa moyo safi, alisogea na kupumua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Mkurugenzi alivumilia jani hilo moja. La pili lilimshinda.

"Lete hapa. Unaipumulia, bwana wewe. Hewa inayopimwa ndiyo hiyo hiyo inayotoka puani kwako. Lete." Akamvua mashine, akachagua jani lililoelekea jua, akalibana taratibu bila kulikunja. Kisha akageuza uso juu ya bega la kushoto, akabana pumzi, akasubiri. Namba zikatulia. Akasoma kwa jicho la pembeni, akaachia jani, akabana jingine vile vile.

Alipogeuka, Inspekta alikuwa amekunja mikono. Kutoka getini mlinzi alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi.

"Afande," alisema, akimtazama Mkurugenzi na koti lake jeupe kwa mshangao uliomlegeza midomo. "Afande, Jumapili nilikosea mtu."

Simu ya Inspekta ikaita. Alikuwa Mkubwa wake, akasikika hadi kwa Koplo. "Msumari, upo wapi? Mkurugenzi yule ni mtu wa watu. Mwache, mlete yule mama mahakamani."

"Nimeshamkamata, mkuu."

"Yule mama?"

"Mkurugenzi. Yaani nitakuwa nimemkamata nikishakata simu."

"Nitakuhamisha. Utahesabu baiskeli zilizopotea mpaka ustaafu."

"Nihamishe kesho, mkuu. Leo bado nipo hapa." Akakata. Akazima kabisa, asije akashawishika kuipokea tena.

Mkurugenzi alikuwa amepata muda wa kujikusanya. "Kugeuza uso si kosa la jinai. Nimemwona Mama Majani akifanya hivyo mara nyingi, nikaiga. Hakimu atacheka, binti yangu. Una jani la kijani na mlinzi aliyebadili maneno."

Kwa bahati mbaya alikuwa anasema kweli. Inspekta alimtupia Koplo funguo za gari. "Kamlete Mama Majani. Bila pingu."

* * *

Mama Majani alipofika hakumtazama mtu. Alipita kati yao mpaka vizimbani, akaingia cha kwanza, akashika mche uliokufa kwa mikono miwili. Alilia waziwazi, bila kujificha, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Kisha akaona jani la kijani. Akaligusa kwa ncha ya kidole, akajifuta uso kwa kiganja chenye udongo, akatoka nje akiwa amenyooka.

Inspekta alimweleza alichoona mlinzi na alichofanya Mkurugenzi uani. Alimaliza kwa kusema ukweli mchungu: huenda visitoshe.

Mama Majani alisikiliza, macho yake kwa Mkurugenzi. Watu wote walitegemea atatukana. Mlinzi alishasogea nyuma kidogo.

"Ulipima kwanza," alisema. "Kabla ya kumwaga."

Mkurugenzi alinyoosha koti lake.

"Ulipata ngapi?"

"Sijui unasema nini."

"Nakuuliza kama mtu wa kazi moja. Mchana, jua la utosi, majani ya mche wako ndani ya joto langu. Ulipata ngapi? Au ulikuwa unaipumulia?"

"Sijawahi kuipumulia mashine maishani mwangu. Nimepima majani kabla hujamaliza shule."

"Basi labda hukusubiri itulie. Au ulichukua jani moja ukaridhika. Mimi nasema hujui kupima, ndiyo maana ulikimbilia ndoo. Ungejua kupima ungekuta mche wako unakula, ungenisuta mbele ya watu, na leo ningekuwa nimenyamaza."

"Nilisubiri," alisema Mkurugenzi. Uso ulikuwa umemwiva. "Kila jani nilisubiri. Nilipima mche baada ya mche, nikarudia wote, nikidhani kibanio kinavuja. Hakikuvuja. Nilipata sifuri. Mengine chini ya sifuri, hayali kabisa, yanatoa hewa ile ile. Mti nilioupa maisha yangu ulikuwa umefunga mdomo, na kipimo changu kilikuwa safi kuliko chochote ulichowahi kupima wewe."

Koplo aliacha kuhema. Mkurugenzi alisikia maneno yake mwenyewe yakiisha uani, akatazama mikono yake, na Inspekta akamsogelea na pingu bila haraka. Mkurugenzi alinyoosha mikono mwenyewe.

"Miti imekufa," alimwambia Mama Majani, sauti imemkauka. "Vipimo vyako vyote wataviita vya mshukiwa. Huna kitu cha kuwaonesha."

"Mara ngapi nimekuomba upime mwenyewe?" Mama Majani alimuuliza. "Kila mkutano. Walisema ni namba za mtu mmoja mwenye wivu, hakuna aliyezirudia." Akamgeukia Inspekta. "Andika alichosema, neno kwa neno. Sifuri, na chini ya sifuri. Mimi pia nilipata hivyo. Sasa tumeipata wawili."